Miti Iliyosongamana Bomani: Upi Ukatwe, Upi Uachwe

Ukipita barabarani kutoka Keroka kwenda Nyamira, au kutoka Suneka kuelekea Ogembo, maboma mengi huyaoni hadi ufike langoni. Kinachoonekana ni ukuta wa saipresi au mikaratusi, mti ukigusana na mti, kijani mwaka mzima. Wengi waliipanda miaka kumi au ishirini iliyopita ili iwe ua wa kuzuia mifugo na macho ya wapita njia, wengine kama akiba ya karo. Kisha ikaachwa. Leo imepita paa la nyumba, chini yake hakuoti hata nyasi, na kila alasiri wingu la mvua ya mawe linapotanda watu wa boma hutazama juu kwa wasiwasi.

Makala haya yanaeleza kinachotokea miti inapobanana, namna ya kuipunguza bila kuhatarisha nyumba, na kwa nini saipresi haikatwi kama mkaratusi.

Ardhi ni ndogo, mpaka ni mrefu

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Kaunti ya Nyamira. Huo ni wastani wa watu 957 kwa kila kilomita ya mraba Kisii, na 675 Nyamira. Shamba la babu limegawiwa wana, kisha wajukuu, na kwa kuwa mashamba ya Gusii hugawanywa kwa vipande virefu kutoka mgongo wa kilima hadi mtoni, kila mgawanyo hufanya kipande kiwe chembamba zaidi. Mpaka haupungui sana. Kinachopungua ni kilicho katikati ya mipaka.

Chukua mfano wa robo ekari yenye upana wa mita 20 na urefu wa mita 50. Kukiwa na mstari wa miti mikubwa kila upande, na kila mstari ukidhoofisha mimea kwa mita 5 tu kuingia shambani, mita 10 kati ya 20 zimeathirika. Hiyo ni nusu ya shamba. Mwenye shamba huhesabu mistari miwili ya miti na kuona kwamba imekaa pembeni, haijachukua nafasi. Lakini mahindi ya kando yamekuwa mafupi na ya manjano, na maharagwe yametoa maua bila maganda.

Sababu ni kivuli, maji na rutuba. Mti ulio kijani mwaka mzima hauachii mwanga hata msimu mmoja, tofauti na mti unaopukutisha majani yote. Mizizi yake ya juu hutambaa hadi palipowekwa samadi na mbolea, na hufika kabla ya mizizi ya mahindi. Kwa mkaratusi kuna zaidi: majani yake makavu huoza polepole, na yana kemikali zinazozuia baadhi ya mbegu kuota. Ndiyo maana chini ya mikaratusi iliyosongamana udongo hubaki mtupu, na mvua kubwa ikinyesha kwenye mteremko huo, udongo huondoka nayo.

Kwa nini mti uliobanwa huwa mrefu na mwembamba

Miti iliyopandwa karibu karibu hushindania mwanga. Kila mmoja hukimbilia juu na hautumii nguvu nyingi kunenepesha shina. Matawi ya chini yakikosa mwanga hufa. Baada ya miaka kadhaa unabaki na nguzo ndefu zenye kishada cha majani kileleni, na kila upepo unapokuja, nguzo hizo hushikiliana. Mmoja ukitolewa, mwenzake uliokuwa ukimwegemea unabaki peke yake, na shina lake halijawahi kujifunza kusimama.

Hapa ndipo kosa kubwa hutokea. Familia inapata mnunuzi wa nguzo, mnunuzi anakata miti minene yote kwa siku moja, na ile myembamba inayobaki huangushwa na mvua ya Aprili.

Kuna kipimo rahisi cha kujua kama mti umekuwa mwembamba kupita kiasi. Pima mzingo wa shina kwa futi ya fundi cherehani, kwenye usawa wa kifua. Kisha kadiria urefu wa mti hivi: shika kijiti ambacho urefu wake ni sawa na umbali kutoka jicho lako hadi ngumi yako mkono ukiwa umenyooshwa. Kishike wima, rudi nyuma hadi ncha ya kijiti ilingane na kilele cha mti na ngumi ilingane na kitako chake. Umbali kutoka uliposimama hadi kwenye mti ndio urefu wa mti. Fanya hivyo mahali tambarare, au tembea kwa usawa wa mteremko na si kuupanda au kuushuka.

Sasa linganisha. Urefu ukizidi mzingo mara 32, shina ni jembamba mno kwa urefu wake na mti huo haupaswi kuachwa peke yake ghafla. Kwa mfano, mti wenye mzingo wa sentimita 47 una kipenyo cha sentimita 15 hivi, na ukiwa umepita mita 15 kwenda juu uko hatarini. Mti uliokua kwenye nafasi mara nyingi huwa na urefu usiozidi mzingo wake mara 25.

Saipresi: usikate hadi kwenye mti mkavu

Saipresi inayopandwa sana nchini asili yake ni Mexico na Guatemala. Kabla yake Kenya ilipanda kwa wingi aina nyingine kutoka California, lakini katika miaka ya 1940 na 1950 ugonjwa wa madonda ya shina uliiangamiza na aina hii ya Mexico ikachukua nafasi. Mwaka 1990 alifika vidukari wa saipresi, wadudu wadogo wa kahawia wanaofyonza utomvu. Ua lililokauka kwa mabaka, na majani yanayonata yenye ukungu mweusi, mara nyingi ni kazi yao. Miti iliyobanana na kuchoka ndiyo huumia zaidi.

Jambo moja kuhusu saipresi likijulikana, nyua nyingi zingeokolewa: mti huu hauchipuki kutoka kwenye tawi la zamani lisilo na majani. Tazama ndani ya ua wowote wa saipresi uliokomaa. Kijani kipo nje tu. Ndani ni vijiti vya kahawia. Ukikata hadi kwenye kahawia, pengo hilo litabaki pengo. Kwa hiyo ua wa saipresi hupunguzwa mara mbili hadi nne kwa mwaka, kidogo kidogo, ndani ya sehemu ya kijani, na huanza kupunguzwa ungali mdogo. Ua ukatwe uwe mpana chini na mwembamba juu ili matawi ya chini yapate mwanga.

Je, ua ambao tayari umefika mita nane? Hauwezi kurudishwa kuwa ua wa mita mbili. Mwenye boma ana njia mbili: kuugeuza kuwa mstari wa miti ya mbao, au kuuondoa taratibu na kupanda kitu kingine. Wapo wanaokata vilele vyote kwa urefu mmoja. Ikiwa chini ya mkato pana matawi mabichi mti hautakufa, lakini utatoa vilele vitatu au vinne vinavyoshikana kwa udhaifu, na vikinenepa huchanika wakati wa dhoruba. Anayekata vilele leo ajue amejipa kazi ya kila mwaka.

Ukiamua kuufanya mstari wa mbao, hesabu ni hii. Ua wa mita 50 uliopandwa kila nusu mita una miti 100 hivi. Ili iwe mbao inahitaji nafasi ya mita 2 au zaidi, yaani ibaki miti 25 hivi. Miti 75 itoke, lakini si kwa siku moja. Gawanya kazi kwa miaka mitatu. Awamu ya kwanza itoe iliyokufa, iliyopinda, yenye shina lililogawanyika na ile iliyozidiwa kabisa na wenzake. Subiri angalau mwaka mmoja ili inayobaki inenepe na kushika ardhi. Awamu ya pili na ya tatu zifuate nafasi, huku miti bora ikilindwa tangu mwanzo kwa alama ya rangi. Matawi ya chini yapogolewe karibu na shina bila kuacha visiki, wala usivuke nusu ya urefu wa mti.

Saipresi ikatwe na kupogolewa wakati wa kiangazi, hasa Januari, kwa sababu viini vya madonda ya shina huenezwa na matone ya mvua na kuingia kwenye vidonda vibichi. Panga au msumeno uliotumika kwenye mti wenye donda linalotoa utomvu usafishwe kwa spiriti kabla ya kugusa mti mwingine.

Mkaratusi: kukata si kuua

Mkaratusi, au blugamu kama wengi wanavyouita, uliletwa Kenya mwaka 1902 kutoka Australia ili kupata kuni za injini za reli. Umelaumiwa sana, pengine kupita kiasi. Umejenga nyumba nyingi Gusii, umechoma matofali, na viwanda vya majani chai hadi leo hutegemea kuni zake kwa kukaushia chai. Tatizo la mti huu ni mahali unapopandwa na wingi wake.

Tofauti na saipresi, kisiki cha mkaratusi huchipuka, tena kwa nguvu. Anayetaka mavuno mengine akate wakati mvua zinaanza, kisiki kibaki na urefu wa sentimita 10 hivi, mkato uwe wa mshazari ili maji yasituame, na gome lisichanike. Machipukizi yatatoka kumi au zaidi. Baada ya miezi sita hadi kumi na miwili yaachwe mawili au matatu yaliyo imara na yaliyoshikana na kisiki karibu na ardhi. Wengi hawafanyi hivyo, na kisiki kimoja hubeba fito nane zisizofaa hata kushikilia mzabibu.

Asiyetaka uote tena afanye kinyume. Ambua gome lote la kisiki hadi chini ya udongo, na kila chipukizi likitoka livunjwe lingali changa. Inachukua mwaka au zaidi. Kung'oa kisiki kwa jembe ni haraka zaidi, ila si kwenye mteremko mkali wala ukingo wa mto, ambako mizizi iliyokufa bado hushikilia udongo kwa muda.

Wakulima wengine huchimba mtaro wa futi mbili kati ya mikaratusi na shamba ili kukata mizizi ya pembeni. Unasaidia, na lazima urudiwe baada ya mwaka mmoja au miwili kwa sababu mizizi hurudi. Usichimbe mtaro huo karibu kabisa na mashina marefu upande wa juu wa mteremko au upande upepo unakotoka. Hiyo ndiyo mizizi inayoushikilia mti usiangukie upande wa pili.

Grivilea nayo ni rahisi kati ya hizi tatu. Inavumilia kukatwa matawi na hata kilele, huchipuka upya, majani yake ni matandazo mazuri, na ushindani wake na mahindi ni mdogo ikipogolewa kila msimu. Familia yenye robo ekari inayotaka kuni na mbao bila kupoteza chakula ingefanya vyema kuanza nayo.

Kipande cha miti nyuma ya nyumba

Mahali miti ilipopandwa kama kimsitu kidogo na si mstari, kanuni ni ile ile, na kuna jambo la ziada. Miti ya ukingoni imekua ikipigwa na upepo na ina shina nene na mizizi mipana. Hiyo ndiyo ngao ya wenzake. Punguza kutoka ndani, acha ya ukingoni hadi mwisho. Mtu akianza kukata ukingoni kwa sababu ndiko gari linakofika kwa urahisi, anafungua mlango kwa upepo.

Kwa kukadiria nafasi, miti iliyopandwa kila mita 1 huwa 1,000 hivi kwa robo ekari. Kila mita 2, 250. Kila mita 3, karibu 110. Fito zinaweza kutoka kwenye nafasi ndogo. Mbao haziwezi.

Mti ulio karibu na nyumba usisubiri awamu. Ikiwa udongo umeinuka upande mmoja wa kitako, ikiwa mti umeanza kulala karibuni, ikiwa uyoga unaota shinani au shina lina ufa, mti huo utoke wote. Vivyo hivyo mti unaogusa paa. Majani ya saipresi huziba mifereji na kuharibu maji ya tangi, na kuta zisizoona jua huwa na unyevu na ukungu. Nyanda za juu za Gusii pia ni miongoni mwa sehemu za Kenya zinazopigwa sana na radi, na watoto waelezwe wasikimbilie chini ya miti mirefu mvua inapoanza.

Mti unaoweza kufika nyumba, jiko au zizi ukianguka usikatwe kwa shoka na kamba ya ng'ombe. Atafutwe fundi mwenye uzoefu, aukate kwa vipande kutoka juu. Ukiwa karibu na nyaya za umeme, mwenye boma asiuguse. Kampuni ya Kenya Power iarifiwe kwanza.

Mto, mpaka na urithi

Mto Gucha huanzia milima ya Kiabonyoru, Nyamira, na kupita Kisii kabla ya kuelekea Ziwa Victoria. Vijito vinavyoulisha vina mikaratusi kandokando, mingi ikiwa imepandwa kwa sababu udongo wa bondeni ulikuwa na maji mno kwa mahindi. Mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliagiza mikaratusi iondolewe kwenye kingo za mito na maeneo oevu, na mwongozo wa kitaifa wa upandaji wa mti huo uliotolewa mwaka huo huo haukubali upandwe huko. Anayepunguza miti aanzie bondeni, wala asiache machipukizi huko. Mianzi na miti ya kiasili hushika kingo vizuri zaidi.

Wapo wanaohofia kwamba kukata miti ni kuvunja sheria inayomtaka kila mwenye shamba kuwa na asilimia 10 ya miti. Kanuni hizo za misitu ya mashambani, za mwaka 2009, zipo kweli. Lakini asilimia 10 ya robo ekari ni takriban mita 100 za mraba tu, na kanuni zizo hizo zinataka miti inayopandwa isidhuru vyanzo vya maji, mazao, mifugo, rutuba ya udongo wala majirani. Kupunguza miti iliyosongamana ni kuitunza.

Neno "majirani" lina uzito. Kivuli hakijui mpaka, na mstari wa mikaratusi wa shamba moja unaweza kumnyima mjane wa shamba la pili mboga zake. Kesi nyingi za aina hii huanza kwa maneno kuhusu tawi na kuishia kwa maneno kuhusu jiwe la mpaka. Ni heri kwenda kwa jirani kabla ya kukata au kabla ya kulalamika, mkatembea pamoja kando ya mpaka na kukubaliana miti ipi itoke na kuni ziende wapi. Ikishindikana, mzee wa kijiji, kisha naibu wa chifu. Kukata mti wa mwenzio usiku huzaa uadui wa miaka.

Ndani ya familia pia. Baba alipanda, ardhi ikagawanywa, lakini miti haikutajwa. Mwana mmoja akapata dalali, akauza mstari mzima asubuhi moja, na mama akajua aliposikia msumeno wa injini. Kabla ya mti wowote kuuzwa, wenye boma wakae, akiwemo mama na mabinti, miti ihesabiwe na itiwe alama.

Dalali naye atataka miti minene na minyoofu, ambayo ndiyo ungependa ibaki. Muuzie ile uliyoitia alama, mkubaliane bei kwa kila mti kulingana na mzingo wake na si kwa kukadiria mstari mzima kwa macho, na andikeni nani atalipa paa au mahindi yakiharibika. Magogo au mbao zikisafirishwa barabarani zinahitaji kibali cha Shirika la Huduma za Misitu Kenya (KFS), kwa hiyo swali la nani atakitafuta lijibiwe kabla mti haujaanguka.

Pengo likipatikana, lijazwe mvua zinaporudi Machi. Kwa ua mpya kaliandra hupandwa kila nusu mita, hukatwa mara kwa mara na ni lishe nzuri kwa ng'ombe na mbuzi wa maziwa. Parachichi linahitaji jua na nafasi ya mita kadhaa kutoka mpakani. Markhamia lutea, mti wa maua ya manjano ambao majirani Wajaluo huuita siala, ni wa kiasili na hutoa nguzo nzuri. Udongo uliokaa chini ya mikaratusi uwekewe samadi na kulimwa msimu mmoja kwanza. Afisa wa kilimo wa wadi anaweza kufika bomani kutazama miti kabla haijakatwa, na ni vyema aitwe Desemba, kabla ya kazi za upanzi kuanza.